Majivu ya Getini

Saa mbili na robo asubuhi damu ya Leokadia Ndunguru ilivuka mstari mwekundu, na kibali cha jaa la majivu la Mkumbalo kikasimama pale pale. Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe kule bondeni ikapunguza ngurumo yenyewe, bila mtu kugusa swichi. Leokadia hakujua lolote. Alikuwa shambani anapalilia, na kile kidonge kilichopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wake, kidogo kama punje ya mchele, hakiumi wala hakilii.

Wa kwanza kujua alikuwa binti yake. Gaudensia alikuwa afisa wa Mamlaka ya Vibali mjini Songea, na wiki hiyo zamu ya majaa ya kusini ilimwangukia yeye. Simu ililia akiwa amesimama jikoni na kikombe cha chai mkononi. Akasoma jina la jaa, akasoma jina la shahidi, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kikombe ndicho kilichokuwa na shida.

Utauliza, inakuwaje binti apewe kesi ya mama yake mzazi? Sheria ilikataza ndugu wa mwenye kampuni. Ndugu wa shahidi haikuwakumbuka, kwa sababu waliokaa Dodoma kuitunga hawakufikiri kwamba mtoto wa mkulima wa Umatengo angekuja kuvaa koti la Mamlaka. Basi Gaudensia akalivaa koti lake, akachukua mkoba wa vipimo, akaingia kwenye gari la ofisi na kuliambia liende Mkumbalo.

Njiani hakulia. Alikuwa anahesabu saa. Alikuwa na mpaka saa kumi jioni kusema neno moja tu, na neno hilo lingeamua kama mama yake ataishi.

*

Zamani, enzi za bibi zake, kampuni zilijipima zenyewe. Zilichimba visima vya kupimia kandokando ya majivu, zikachota maji, zikaandika namba zilizozipendeza. Mabwawa yalipasuka, watu wakazikwa, kesi zikachakaa mahakamani. Ndipo ikaja sheria ya Shahidi. Kila jaa la majivu lingekuwa na mtu mmoja wa kijiji cha karibu, aliyechaguliwa na wenzake, anayekula wanachokula na kunywa wanachokunywa, na kidonge mkononi mwake kingesoma damu yake mchana na usiku. Damu hiyo ndiyo kibali. Ikichafuka, Msajili anakisimamisha.

Msajili si mtu. Ni mashine inayotoa vibali vyote nchini, tangu wananchi walipochoka na maofisa. Walichomwachia binadamu ni jambo moja: Shahidi akichafuka, afisa lazima afike mwenyewe, aone kwa macho yake, atamke kwa kinywa chake sumu imetokea wapi. Akisema "uvujaji", kampuni inawajibika. Saa hiyo hiyo Shahidi analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu iliyo ndani ya uzio wa kiwanda, na baada yake kijiji kizima. Akisema "njia nyingine", kibali kinafufuka, Shahidi anastaafishwa, na matibabu anayatafuta hospitali ya serikali kama mtu mwingine yeyote.

Foleni ya hospitali ya serikali ilikuwa miezi kumi na moja. Gaudensia alikuwa ameshaangalia kabla gari halijatoka mjini. Aliangalia pia namba za mama yake. Figo zile zilikuwa na miezi mitatu, minne kwa kubembeleza.

*

Engelbert Hyera, msimamizi wa jaa, alimpokea mlangoni mwa uzio kofia mkononi. Alikuwa mtu wa hapo hapo, kasoma shule moja na Gaudensia, na uso wake ulionyesha kwamba hakufurahia asubuhi hiyo.

"Pole, dada Gaudensia," alisema. "Nimefungua kila kitu. Kama kuna tundu nionyeshe, kazi nitaisimamisha mimi mwenyewe."

Gaudensia alilitaka tundu. Tangu azaliwe hakuwahi kuomba kitu kwa Mungu kwa nguvu kama alivyoliomba tundu hilo. Alishuka chini ya kilima cha majivu, kwenye handaki la ukaguzi, mahali ngozi inapoonekana. Wanaiita ngozi, lakini ni utando wa uyoga uliokuzwa maabara, mnene kama godoro, ulioufunika udongo wote chini ya majivu na unaokula arseniki na risasi kabla hazijafika kwenye maji. Uking'atwa na panya unajiziba kabla ya jioni. Alitembea na taa kipande kwa kipande. Alichoma kipimo mara arobaini na mbili. Alikwenda visima vyote tisa, akaenda mtoni, akachota maji pale wanapochotea akina mama.

Maji yalikuwa safi. Yalikuwa safi kuliko ya bomba la kwake Songea.

"Hakuna," alisema Engelbert, kwa sauti ya chini.

"Nimeona kwamba hakuna. Usiniambie."

Walipokuwa wanarudi wakapita getini, pale upande wa kijiji. Kulikuwa na foleni ya wanawake saba wenye ndoo. Kijana wa kampuni alikuwa anawachotea majivu kwa koleo, laini, ya kijivu, kama unga wa ulezi. Wanawake walimsalimia Gaudensia kwa furaha. Huyu ni mtoto wao. Mmoja akasema, "Umekuja kumwona mama? Mwambie kesho nampitia tuje wote, yake yamekwisha."

Gaudensia alisimama. Akashika nguzo ya geti.

"Haya majivu mnafanyia nini?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua. Kwa kweli alikuwa anajua vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

"Ya maharage," yule mama akajibu, akimshangaa. "Mbona wewe ndiye uliyetuambia?"

*

Miaka kumi na minne nyuma, koti la Mamlaka likiwa bado linamning'inia mabegani, Gaudensia alisimama mbele ya mkutano wa kijiji kueleza kibali. Akina mama wakauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine angeliuliza: majivu yote hayo ya bure, je, tunaruhusiwa kuchota? Maana Umatengo maharage yakishavunwa huchanganywa na majivu ya jikoni ndani ya pipa ili yasibunguliwe, na jiko moja halitoi majivu ya kutosha pipa zima. Gaudensia alichukua kopo moja la majivu, akalipima, akalikuta safi. Akaandika kifungu cha sita kwa mkono wake: majivu yatakayotolewa getini kwa matumizi ya manufaa hayatahesabiwa kuwa taka. Wakubwa zake wakampongeza. Naye akawaambia wale kina mama, kwa tabasamu, "Ni kama ya jikoni tu, mama zangu."

Mwaka wa tano kiwanda kikaanza kuchoma makaa mara mbili. Masalia ya tanuri la kwanza yanasagwa, yanachomwa tena, umeme unaongezeka, na kila sumu iliyokuwa imesambaa kwenye gunia kumi inabaki kwenye gunia moja. Jaa lilibadilishiwa masharti. Ngozi ikaongezwa unene. Kifungu cha sita hakuna aliyekigusa. Msajili anahesabu taka, na majivu ya getini hayakuwa taka. Yangewezaje kuonekana?

Mashine haikuwa na kosa hapo. Ilifanya kile ambacho Gaudensia aliiambia ifanye.

*

"Umekonda," ndilo neno la kwanza la Leokadia baada ya kuitikia shikamoo. "Huko Songea mnakula nini, makaratasi? Keti. Maharage yapo jikoni, yameiva."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekonda. Kucha zake zilikuwa na mistari myeupe, na viganja vimekuwa vigumu, vyenye vidoadoa vyeusi, lakini mkulima gani wa miaka sitini na nane hana viganja vigumu? Gaudensia alivitazama viganja hivyo Krismasi. Alivishika. Hakuona kitu.

Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la kona ya jiko, akafunua kifuniko, akazamisha kipimo ndani ya maharage. Kikapiga namba ambayo hakuwahi kuiona nje ya uzio wa kiwanda. Akakitoa, akakifuta, akakizamisha tena. Namba ni ile ile.

"Unatafuta nini humo?" mama yake akauliza. "Hata moja halijabunguliwa. Nenda kwa mtu yeyote Mbinga nzima umwoneshe maharage ya mwaka juzi, uone kama ataamini."

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

Akamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili cha ofisini mwanzoni, cha viwango na masharti, mpaka akajisikia anavyosema, akaona aibu. Akaanza upya. Akasema majivu ya getini ni sumu, yamekuwa sumu miaka tisa, na yamo ndani ya kila pipa Mkumbalo. Akasema damu yako imeharibika, mama, na figo zinakwenda. Akasema ni mimi niliyewaambia.

Leokadia alilitazama pipa. Kisha akanyanyuka ghafla, uso umebadilika kabisa. "Na wewe? Kila mwaka nakufungashia debe zima. Gaude, umekula miaka yote hiyo."

Hapo Gaudensia alitamani ardhi immeze, maana jibu lilikuwepo na lilikuwa baya kuliko sumu. Yale maharage yalichukua muda mrefu kuiva, na yeye alikuwa mtu wa kazi, anarudi jioni amechoka, ananunua chipsi. Debe lilikaa stoo mpaka lingine lije. Kila mama alipopiga simu kuuliza, alijibu matamu, mama, tumeyamaliza.

"Sikuyala," alisema. "Nilikuwa nayatupa. Nisamehe."

Mama yake alimtazama. Maharage yale aliyapanda kwenye ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo, alizochimba kwa mgongo wake mwenyewe mlimani, akayapepeta, akayachagua moja moja yale mekundu, akayabeba kichwani mpaka stendi. 

"Afadhali," alisema. "Afadhali, mwanangu. Mungu mkubwa."

Ni hapo ndipo Gaudensia alipolia. Alilia kama mtoto, amekaa kwenye kigoda, koti la serikali likiburuzika majivuni.

*

Saa nane na nusu alikuwa amemweleza yote yaliyobaki, kwa sababu hakuona haki ya kumficha mtu kifo chake mwenyewe. Neno "uvujaji" lingemlaza kwenye mashine kabla ya jua kuzama, na siku ya tatu angetoka mzima. "Njia nyingine" lingemwacha nje ya uzio.

"Basi sema linavuja," Leokadia alisema. "Kampuni itapungukiwa nini?"

"Nikisema linavuja, watu wataambiwa ni maji. Wataletewa mabomba. Watasafishwa damu mara moja."

"Si ndiyo vizuri?"

"Wataendelea na mapipa, mama. Nani atayagusa mapipa wakati serikali imeshasema ni maji? Na majaa mengine thelathini yana kifungu hicho hicho, walinakili changu. Siwezi kusema ni maji na papo hapo niseme ni maharage. Msajili anapokea chanzo kimoja, na kilichotamkwa na afisa hakibadilishwi."

Leokadia aliyashika magoti yake. Hakuwa mtakatifu, wala hakujifanya.

"Naogopa, Gaude," alisema. "Nilifikiri nikifika umri huu sitaogopa. Nataka kuiona kahawa ya mwaka huu ikivunwa. Usiniulize mimi. Nikikujibu nitakuambia uniokoe."

"Sikuulizi."

"Usiniulize."

Mlango ukabishwa, na kabla ya kuitikiwa akaingia Kasiana, jirani wa ukuta kwa ukuta, bakuli mkononi. Mkwe wake alikuwa amejifungua juzi, anahitaji mchuzi wa maharage wa kuleta maziwa, na pipa la kwao limebaki vumbi. Hakuomba hata, alikwenda kwenye pipa moja kwa moja. Wamekuwa wakichoteana hivyo miaka arobaini.

Leokadia alisimama akaziba njia. "Yamekwisha," alisema.

Kasiana akacheka. Kisha akaona kwamba si mzaha. Kifuniko kilikuwa wazi, na pipa limejaa mpaka nusu. "Yamekwisha," akarudia polepole. "Haya, mama Gaude. Mtoto wa kwako kaja na gari la serikali, sasa maharage yamekwisha." Akageuka na bakuli lake tupu. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe kijiji kile.

Mama na binti walibaki wamesimama. Leokadia hakumtazama Gaudensia. Alichukua kifuniko akalifunika pipa, akaweka jiwe juu, kisha na jiwe la pili.

"Huyo mtoto wameshamwita Benadeta," alisema. "Ana siku mbili."

Gaudensia alijua kwamba mama yake hakuwa amejibu. Alikuwa amefunika pipa tu. Lililobaki lilikuwa la afisa, naye afisa alikuwa amekaa na saa yake mkononi, anatamani awe mtu mwingine.

*

Saa kumi kasoro dakika nne alisimama uani, kipaza sauti cha Mamlaka kwenye ukosi. Alitaka mama yake abaki ndani. Leokadia akatoka, akafunga vizuri kitenge chake, akasimama pembeni yake kama siku alipoapishwa ushahidi.

"Afisa, tamka chanzo," alisema Msajili. Ilikuwa sauti ya kike, yenye adabu, isiyo na haraka.

Gaudensia alifungua kinywa, neno "uvujaji" likafika mpaka kwenye meno. Aliliona tayari: kitanda cheupe, mrija, damu ikiingia safi, mama yake akilalamikia uji wa hospitali. Alikaa na picha hiyo sekunde kadhaa kwa sababu alijua hataipata tena.

"Njia nyingine," alisema. "Ni majivu ya getini. Yamo kwenye maharage ya kila nyumba. Yalitolewa kwa kifungu cha sita, na kifungu hicho nilikiandika mimi, Gaudensia Ndunguru. Naomba kifutwe leo, majaa yote."

"Chanzo kimepokelewa. Kifungu cha sita kimesimamishwa katika majaa thelathini na moja kusubiri kusikilizwa. Matangazo yanatumwa vijijini. Jaa la Mkumbalo halijavuja, kibali kinaendelea." Kisha ikaongeza: "Shahidi amestaafu. Mamlaka inamshukuru kwa utumishi wake."

"Naomba Shahidi atibiwe."

"Hakuna wajibu uliothibitika. Foleni ya hospitali ya serikali ni miezi kumi na moja. Jina limeandikwa."

Bondeni mitambo ikaanza kunguruma tena, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zake zote. Nyumba kwa nyumba simu zilianza kulia kwa tangazo lile lile. Sauti ya Kasiana ikasikika ng'ambo ya ukuta ikimwita mkwe wake, mara moja, kwa hofu, halafu ikaja sauti ya sufuria ikimwagwa uani.

Leokadia alisikiliza mpaka mwisho. "Hata ahsante yenyewe wameisema vibaya," alisema, akajaribu kucheka. Kisha akamshika binti yake mkono, kwa mkono ule wenye kidonge. "Umefanya sawa. Nimekasirika, lakini umefanya sawa. Nipe siku chache nimalize kukasirika."

"Nitahamia hapa, mama. Kesho naleta vitu vyangu. Nitazunguka kila hospitali."

"Zunguka. Mimi nitakungoja."

Gari lilikuwa linawasha taa. Ripoti ilitakiwa ifike Songea siku hiyo hiyo kwa mkono, ndivyo sheria inavyosema, na Gaudensia alikuwa amebaki na heshima ya kutii sheria tu. Akaanza kuvuta mkoba wake.

"Ngoja," Leokadia akasema. "Huwezi kuondoka hivyo."

Akaingia ndani. Gaudensia alimsikia akifungua kabati, akilifunga. Akamsikia akienda kwenye pipa na kusimama. Akamsikia kwenye kapu la mahindi, nayo yalikuwa yamepakwa majivu yale yale. Akasikia mlango wa nyuma, ulikoning'inizwa mtama wa mbegu, ukifunguliwa na kufungwa taratibu. Ilichukua muda mrefu kwa nyumba ya vyumba viwili.

Mama yake alirudi mlangoni na mfuko mtupu wa plastiki, ameukunja vizuri mara mbili. Alikuwa ameushika kwa mikono yote miwili na hakujua auweke wapi.

"Sina cha kukufungashia," alisema.